Kwa Nini Tunacheka Mahali Pasipo na Kichekesho

Rehema: Msikilizaji, karibu tena katika kipindi chetu. Leo kaka Bakari na mimi tunazungumzia kicheko, na ningependa tuanze na dhana ambayo wengi wetu hatujawahi kuitilia shaka, kwamba mtu hucheka kwa sababu amesikia jambo la kuchekesha.

Bakari: Dhana hiyo ilitikiswa na Robert Provine, mwanasaikolojia wa Marekani, ambaye badala ya kuwaita watu maabara na kuwasomea vichekesho, aliwatuma wanafunzi wake wakasikilize mazungumzo ya kawaida madukani na katika maeneo ya chuo. Walikusanya vicheko 1,200, kila kimoja pamoja na kauli iliyokitangulia, na matokeo aliyoyachapisha mwaka 1993 yalionyesha kuwa vilivyofuata kauli iliyofanana na kichekesho havikufika asilimia 20. Vingine vyote vilifuata maneno ya kawaida kabisa, kama vile "tutaonana baadaye".

Rehema: Tena msemaji mwenyewe ndiye aliyecheka zaidi kuliko msikilizaji, kwa tofauti ya takriban asilimia 46. Kama kicheko kingekuwa malipo ya kichekesho, msikilizaji ndiye angepaswa kulipa.

Bakari: Dada Rehema, sikiliza ujumbe wa sauti wa mwanakamati wa harusi. Anasema, "Nilikuwa nakukumbusha tu ule mchango wetu," kisha anacheka. Hakuna kichekesho chochote katika mchango.

Rehema: Kicheko kile kina kazi yake. Kinamwambia aliyeahidi kwamba deni lipo, lakini aliyepiga simu hajaja kugombana, na hivyo kinazuia aibu isimpate yeyote kati yao. Naamini vicheko vyetu vingi vya kila siku ni vya namna hiyo, yaani ni taarifa kuhusu hali ya uhusiano wetu na yule tunayezungumza naye. Ndiyo maana Provine alipata pia kwamba, ukiondoa televisheni, redio na vitabu, mtu hucheka mara 30 zaidi akiwa na wenzake kuliko akiwa peke yake.

Bakari: Na ndiyo maana mkuu wa idara akitoa mzaha uliochacha, chumba kizima hucheka, ilhali karani akitoa mzaha bora zaidi, watu hutazama kwanza uso wa mkuu. Hapo sioni unafiki mkubwa kama wengine wanavyodai, kwa kuwa wengi hucheka kabla hawajapata nafasi ya kuamua.

Rehema: Sasa tufike Kashasha, kwa sababu tukio lile husimuliwa vibaya sana. Kila mara utasikia likiitwa ugonjwa wa kicheko wa Tanganyika, na msimuliaji mwenyewe anacheka.

Bakari: Tarehe 30 Januari 1962, wiki chache tu baada ya uhuru, wasichana watatu wa shule ya bweni ya misheni katika kijiji cha Kashasha, karibu na Bukoba, walianza kucheka wakashindwa kujizuia. Kufikia tarehe 18 Machi, siku ambayo shule ilifungwa, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wameathirika, ingawa hakuna mwalimu hata mmoja aliyepatwa. Wasichana waliporudishwa makwao, hali hiyo ikajitokeza Nshamba, kijiji walikotoka baadhi yao, na kuwapata watu 217, wengi wao wakiwa vijana na watoto wa shule.

Rehema: Madaktari Rankin na Philip, walioandika ripoti yake mwaka 1963, walipima damu na kuchunguza chakula wasipate sumu wala vijidudu vya kulieleza jambo lile. Jambo linaloachwa na wasimulizi ni kwamba kicheko kilichanganyika na kilio, woga na kuhangaika, na kwamba kiliweza kumrudia mtu kwa saa chache au kwa siku hadi 16. Watafiti waliofuata wanakitazama kama mlipuko wa msongo katika kundi la watu wanaoishi chini ya shinikizo moja bila njia ya kulisema, na yeyote aliyewahi kusikia habari za wanafunzi wa bweni kuanguka na kupiga mayowe atalitambua mara moja.

Bakari: Kwa hiyo kicheko kilipita palipokuwa na uhusiano, bwenini na kisha nyumbani, wala hakikuwafikia walimu waliokuwa chini ya paa lile lile. Hata hivyo, nadhani jamii zetu zilijua nguvu hiyo mapema, zikaiwekea kanuni. Mwanaanthropolojia A. R. Radcliffe-Brown aliandika mwaka 1940 kuhusu uhusiano ambamo mtu anaruhusiwa, na wakati mwingine analazimika, kumtania mwenzake, naye mwenzake hana ruhusa ya kuchukia. Kwetu huo ni utani. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali katika karne ya 19, na leo ni watani.

Rehema: Na utani huo huingia hadi msibani, ambako mtani anaweza kumwigiza marehemu mbele ya wajane, au kuzuia jeneza lisishushwe kaburini mpaka apewe chochote. Mtu asiye mtani akithubutu kufanya hivyo, atakuwa na bahati akitolewa nje bila kupigwa.

Bakari: Hilo limekuwa gumu zaidi mjini, ambapo majirani hawajui asili ya kila aliyekuja. Wafiwa hulazimika kuuliza kwanza, kabla ya kukasirika, yule bwana anayepiga kelele ni mtani wa nani.

Rehema: Na akijieleza vizuri, anapewa fedha yake.