Kabla Hujatuma Maombi ya DPT, Nenda Ukaione Kazi

Asanteni, kaeni. Nimeombwa nizungumzie namna ya kuomba nafasi ya kusomea udaktari wa fiziotherapia hapa Marekani, DPT. Wengi wenu mmeshaufungua PTCAS, mfumo wa mtandaoni wa kutumia maombi hayo, na mmeviona visanduku vya kujaza. Sitawasomea visanduku, macho mnayo.

Nisafishe njia kwanza. DPT si PhD. Bado napata ujumbe kutoka kwa vijana waliokwisha kuandika pendekezo la utafiti na sasa wanatafuta profesa wa kuwasimamia. Jamani, hakuna atakayekuuliza pendekezo hilo! Shahada hii inakuandaa kutibu watu: kwa kawaida miaka mitatu ya darasani, maabara na mafunzo hospitalini, kisha mtihani wa leseni, NPTE. CAPTE, chombo kinachotoa ithibati, kilizitaka programu zote za kuandaa wataalamu hawa ziwe za kiwango cha DPT kufikia mwisho wa 2015. Kwa hiyo anayekuambia utapita kwa shahada ya pili anakupa habari za zamani. Na chuo ambacho CAPTE haikitambui, kipite tu, hata kama picha zake zinavutia.

"Lakini mimi ni mfiziotherapia tayari, nilisomea nilikotoka." Nimekusikia kabla hujafungua mdomo. Basi huenda foleni hii si yako. Kuna taasisi zinazopima elimu ya waliosomea nje, FCCPT ikiwa mojawapo, na jimbo likiridhika kwamba masomo yako yanalingana na ya hapa, linaweza kukuruhusu kufanya NPTE moja kwa moja. Majimbo hayafanani, kwa hiyo iulize bodi ya leseni ya jimbo unalotaka kufanyia kazi. Usilipe ada ya miaka mitatu kwa sababu binamu yako alisema kila mgeni lazima aanze upya.

Sasa jambo langu. Walionisikia siku nyingine wanajua ninakoelekea, wavumilie. Saa za uangalizi, yaani saa unazokaa ukimtazama mtaalamu wa fiziotherapia akitibu watu, kabla hujaomba chuo.

Kila chuo kina masharti yake. Kimoja hakidai hata saa moja, kingine kinataka mia na zaidi, tena ziwe za mazingira tofauti, kliniki ya nje na wodini pia. Waombaji wakiona idadi, akili yote inaenda kwenye idadi. Wanakusanya saa kama wanakusanya mihuri ya ofisini.

Alikuja kijana mmoja pale ninapofanya kazi. Ana alama nzuri kwelikweli, kemia safi, fizikia safi. Akakaa pembeni na simu yake. Jioni akaniletea fomu nitie sahihi. Nikamuuliza, yule mzee wa asubuhi tulikuwa tunamfanyia nini? "Mazoezi ya miguu." Basi, amemaliza.

Alikuwepo pia binti, mkimya, hata daftari lake lilikuwa dogo. Yeye akaniuliza: mbona leo mmemwekea mzee mito miwili kwenye kiti, na juzi ilikuwa mitatu? Ningekuwa na nafasi za chuo mfukoni ningempa palepale. Mzee yule hakuweza kuinuka bila kujisukuma kwa mikono. Ukimwinulia kiti kwa mito, magoti hayakunjiki sana, misuli ya mapaja inabeba kazi ndogo, anainuka mwenyewe. Akishazoea, unaondoa mto mmoja. Umemwongezea mzigo na wala hajashika chuma. Siku atakayoinuka kwenye kiti kitupu, mikono kaikunja kifuani, ataweza kuinuka chooni kwake bila kumwita mkwe wake aje kumshika. Hayo ndiyo matibabu, na kijana alikuwa chumba hichohicho, anatazama mzee yuleyule. Sasa wakikaa kuandika insha ya maombi, nani ana la kuandika?

Maana hizo insha tunazijua. "Nilipokuwa shuleni niliumia goti nikicheza mpira, mtaalamu akanirudisha uwanjani, tangu hapo nikajua wito wangu." Wasomaji wa maombi wamesoma magoti mpaka yao yanauma. Kama goti lako ni la kweli, litaje kwa sentensi moja, kisha uniambie umeona nini kwa mtu mwingine.

Mtaniambia kliniki hazipokei watu. Ni kweli, zingine hazijibu hata simu. Zinaogopa kuvujisha siri za wagonjwa, zinataka chanjo, zinataka kipimo cha kifua kikuu. Pitia ofisi ya watu wa kujitolea ya hospitali. Nenda kwenye nyumba za wazee, ambako wenzako hawataki kwenda. Au omba kazi ya msaidizi wa kliniki, yule anayefuta vitanda na kukunja taulo. Unalipwa, na vyuo vingi vinazikubali saa hizo, ila hakikisha na cha kwako.

Na wodini mwende, tafadhali. Kule kumkalisha tu mgonjwa ukingoni mwa kitanda kunaweza kumaliza muda wote. Ana dripu, ana mrija wa mkojo, ana oksijeni. Unapanga mirija yote isivutike, unamwinua taratibu, presha inashuka, anaona kizunguzungu, unamlaza tena. Hajapiga hatua hata moja. Ukitoka hapo unaandika maelezo, kwa sababu bima hailipi kazi isiyoandikwa. Kama kuyatazama hayo kunakuchosha, afadhali uchoke sasa kabla hujakopa.

Naona mwenyekiti anakohoa. Haya, mengine haraka haraka.

Alama: ukirudia kozi, PTCAS inahesabu mara zote mbili, hata kama chuo chako kilikufutia ile mbaya. Anatomia na fiziolojia ziwe na maabara. Kuna kemia, fizikia, takwimu na saikolojia, na vyuo vingine vinakataa kozi zilizopitwa na wakati. Matokeo ya nje ya Marekani yapeleke mapema kwa wapimaji kama WES, maana ukisubiri mwezi wa mwisho umekwama. Mtihani wa kujiunga wa GRE vyuo vingi wameuacha, usiusomee kabla hujaangalia orodha ya vyuo vyako. Barua ya mtaalamu wa fiziotherapia iandikwe na aliyekuona ukiwa kazini, si rafiki wa familia mwenye cheo. Mfumo hufunguliwa katikati ya Juni, na vyuo vingi hugawa nafasi kadiri maombi yanavyoingia. Tarehe ya mwisho isikudanganye.

Fedha. Kuanzia tarehe 1 Julai 2026, mkopo wa serikali wa Grad PLUS hautolewi tena kwa wakopaji wapya. Wengi walikuwa wanazibia pengo la ada kwa mkopo huo. Kabla hujalipia ombi hata moja, piga simu ofisi ya misaada ya fedha ya kila chuo, uliza kiwango cha kukopa kwa programu yao ya DPT na nini kinaziba kinachobaki. Wakijibu kwa mzunguko, uliza tena.

Usaili nilitaka tuuigize hapa, lakini muda umekwisha. Maswali. Tuanze na dada wa kule nyuma.