Dawa kali za maumivu kwa paka: kipimo, shavu na macho ya mwenye paka

(Mhadhara uliotolewa Lubumbashi mbele ya wanafunzi wa uganga wa wanyama na wakaaji wenye paka nyumbani)

Wamama, wababa, na nyinyi wanafunzi, jambo yenu wote.

Mbwa akiumia, avenyu nzima itajua. Paka akiumia ananyamaza. Anaingia chini ya kitanda, anaacha kujilamba manyoya, anakaa amejikunja, chakula anakinusa tu na kukiacha. Watu wa nyumbani wanasema, "Sasa ametulia, amepona." Mara nyingi utulivu huo ndio maumivu yenyewe. Mnyama huyu anatulinda na panya mwaka mzima, na inaniuma kuona kwamba bado tuko na watu wanaosema paka hahitaji dawa ya maumivu kwa sababu halii.

Uso wake unasema. Mwaka 2019 watafiti wa chuo kikuu cha Montréal, kule Kanada, walitoa kipimo cha kusoma maumivu kwenye uso wa paka. Wanaangalia mambo matano: masikio, macho, mdomo na pua, masharubu, na namna anavyobeba kichwa. Kila kimoja kinapewa 0, 1 au 2. Masikio yaliyofunguka pembeni, macho yaliyobanwa, masharubu yaliyonyooka na kukakamaa, kichwa kilichoshuka chini ya mabega: hesabu ikifika 4 kati ya 10, huyo anahitaji dawa. Wanafunzi, jizoezeni kipimo hicho leo jioni kwa paka mzima wa nyumbani kwenu, mjue kwanza uso usio na maumivu.

Sasa tuingie kwenye dawa zenyewe. Opioidi ni dawa kali za maumivu za jamii ya morfini: morfini, metadoni, fentanili, buprenofini, na tramadoli kwa sehemu. Paka aliyefanyiwa operesheni, aliyevunjika mguu, aliyegongwa na pikipiki, hao dawa hizi zinawasaidia sana, na daktari anayewanyima kwa woga anawatesa bure. Zamani vitabu vilisema morfini inamtia paka wazimu. Ukweli ni kwamba paka wa majaribio ya zamani walipewa vipimo vikubwa mno. Kwa kipimo cha paka, paka anatulia.

Hatari kubwa ninayoiona iko katika kabati la nyumbani.

Mtu ana maumivu ya mgongo, daktari amemwandikia kinini. Paka amevunjika mguu usiku, farmasi zimefungwa, mtu anachukua kinini yake, anaikata robo, anamsukumia paka kooni kwa moyo mzuri kabisa. Kinini hiyo inaweza kuwa tramadoli au kodeini iliyochanganywa na parasetamoli. Zipo nyingi, na kwenye boksi neno parasetamoli limeandikwa kwa herufi ndogo. Ini la mtu linaunganisha parasetamoli na kitu kinachoiwezesha kutoka mwilini bila kudhuru. Ini la paka karibu halina uwezo huo. Sumu inabaki, inaharibu damu mpaka isiweze kubeba hewa. Fizi zinakuwa za kahawia au bluu, uso na miguu inavimba, anapumua kwa shida, na yote hayo yanaweza kuanza ndani ya saa chache. Kinini moja ya kawaida ya miligramu 500 inatosha kumuua paka. Akishaimeza, msimpe maziwa, msimpe mafuta, msingoje kuona kama atatapika. Mpelekeni kwa daktari saa ile ile, na boksi la dawa mkononi, kwa maana dawa ya kumwokoa ipo, lakini inategemea mmewahi au mmechelewa.

Hata tramadoli tupu inadai hesabu. Madaktari wa paka wanaitumia kwa miligramu 2 hadi 4 kwa kila kilo ya mwili. Kapsuli ya mtu ni miligramu 50. Kwa paka wa kilo 4 hiyo ni zaidi ya miligramu 12 kwa kilo, yaani mara tatu mpaka mara sita ya kipimo. Unga wake hauwezi kugawanywa kwa kisu sawasawa, na ni mchungu hata paka anatoa povu mdomoni, mwenye nyumba anafikiri ni kifafa. Tena, ikikutana na dawa fulani za kutuliza akili, kwa mfano fluoksetini, inaweza kumletea mtetemeko na homa kali. Kwa hiyo mwambieni daktari kila kitu paka alichopewa, hata kama mnaona haya kusema.

Buprenofini ndiyo niipendayo zaidi kwa paka anayerudi nyumbani, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu inashindwa kazi mikononi mwetu kwa jambo dogo sana.

Ikimezwa, sehemu kubwa inavunjwa na ini kabla ya kufika popote. Ikiwekwa ndani ya shavu, inapenya kwenye nyama laini ya mdomo moja kwa moja. Mate ya paka yana uchungu mdogo wa asidi kuliko ya mtu, pH yake, yaani kipimo cha asidi, iko kama 8 au 9, na hali hiyo ndiyo inayoisaidia dawa kupenya. Basi chukueni seringi ndogo ya mililita 1, toeni sindano, ingizeni ncha pembeni, kati ya shavu na meno ya nyuma, sukumeni polepole. Msiirushe kooni. Msiichanganye na samaki wala maji. Chakula kingoje kidogo. Kazi yake inachukua nusu saa au zaidi kuanza, halafu inadumu kama saa 6 mpaka 8, kwa hiyo ukiona dakika tano zimepita bila mabadiliko, usiongeze.

Kipimo kinachotumika sana ni miligramu 0.02 kwa kilo. Paka wa kilo 3 anapata miligramu 0.06. Chupa ya kawaida ina miligramu 0.3 kwa mililita, kwa hiyo seringi itasoma 0.2. Lakini ipo nyingine iliyotengenezwa kwa ajili ya paka, ya miligramu 1.8 kwa mililita, ambayo daktari anaichoma chini ya ngozi mara moja kwa siku. Ile 0.2 ya seringi, kutoka chupa hii, inabeba dawa mara sita. Wanafunzi, mkiandika ordonansi ya mililita tupu bila kuandika nguvu ya chupa, mmeandika mtego. Na mpimeni paka kwenye mizani. Kukisia uzito kwa kumwinua hakutoshi kwa mnyama mdogo namna hii.

Mama mmoja hapa mbele ameuliza: atajuaje kama dawa imezidi?

Swali zuri, kwa sababu paka anadanganya macho yetu. Mtu aliyezidiwa na opioidi, mboni zake zinakuwa ndogo kama ncha ya sindano. Za paka zinapanuka, hata kwa kipimo sahihi. Kwa hiyo macho meusi, kukoroma kwa raha, kukanda kitambaa kwa miguu ya mbele na kujisugua kila mahali ni mambo ya kawaida, mwacheni kwenye chumba chenye mwanga hafifu. Hamu ya chakula ikipungua siku ya kwanza, au choo kikikawia, mwambieni daktari bila hofu. Kinachohitaji simu ya haraka ni hiki: anatembea huku na huko bila kutulia, ananguruma akiangalia ukuta, joto linapita 40, au mnamwita na kumgusa haamki. Hesabuni pumzi akiwa amelala. Paka wa kawaida anapumua kama mara 15 mpaka 30 kwa dakika, na ikishuka sana chini ya hapo, au ufizi ukiwa mweupe, msingoje kesho. Daktari ana nalokisoni ya kurudisha nyuma kazi ya opioidi, ingawa buprenofini inashika kwa nguvu na huenda akahitaji kuirudia.

Na aliyegongwa kichwa asipewe kitu chochote nyumbani. Opioidi ikipunguza pumzi zake, mkandamizo ndani ya kichwa unaweza kupanda. Aangaliwe kwanza.

Wanafunzi wanajua pia kwamba opioidi hazipatikani kila siku. Morfini iko chini ya mkataba wa kimataifa wa 1961, buprenofini chini ya ule wa 1971, na kuziagiza ni karatasi nyingi. Ketamini, dawa ya kulaza na kupunguza maumivu, haimo katika mikataba hiyo, na lidokaini ya kutia ganzi iko karibu kila mahali. Ganzi iliyochomwa vizuri kabla ya kukata inapunguza sana haja ya opioidi baadaye. Lidokaini nayo ipimwe kwa kilo, maana paka hawavumilii nyingi.

Swali la mwisho, kutoka kwa baba wa nyuma: dawa ikibaki afanye nini? Usimwekee paka mwingine, usimpe jirani, na usiitupe kwenye lundo la takataka ambapo watoto wanachokora. Ifunge kwenye sanduku lenye kufuli tangu siku ya kwanza, andika idadi ya seringi zilizotumika, na zilizobaki zirudishe kwa daktari aliyekupa. Kama ulipewa kiraka cha fentanili, kile kinachobandikwa kwenye ngozi, hicho kirudishe hata kikiwa kimetumika, kimekunjwa gundi kwa gundi, kwa sababu dawa iliyobaki ndani yake inaweza kumuua mtoto anayekitafuna.