Gharama Haifi, Inahama Kasma

Mheshimiwa mwenyekiti, waheshimiwa madiwani wa Mwanza, watendaji wa kata, ndugu zangu. Naona huko nyuma wapo walioshaanza kutabasamu. Wanajua mada ni kubinafsisha huduma, na wanajua naanzia wapi. Naam, naanzia kwenye taka.

Pendekezo la kubinafsisha uzoaji taka likifika kamati ya fedha, huwa lina mistari miwili tu. Leo tunatumia shilingi milioni 100 kwa mwezi, mzabuni anataka 85, tumeokoa 15. Makofi, tunapitisha. Sasa ifungueni hiyo milioni 100. Tuseme, kwa mfano, dizeli ni 30, mishahara 35, gereji na matairi 15, ofisi na ulinzi wa yadi 20. Siku mkandarasi anaanza kazi, kipi kinaondoka kweli? Dizeli na gereji, basi: 45. Dereva mwenye ajira ya kudumu anahamishiwa idara nyingine na mshahara wake nyuma yake. Mlinzi wa yadi yupo. Bwana afya yupo, tena sasa anadai pikipiki na mafuta ili amkague mkandarasi. Kwa hiyo mnalipa 85 za mkataba, na zile 55 ziko palepale. Jumla 140. Mlibinafsisha ili mpunguze, mmeongeza 40. Na VAT sijaigusa: kama huduma inatozwa, ni asilimia 18 nyingine.

Najua kuna mtu anasema kimoyomoyo, mishahara inatoka Hazina, si mapato ya ndani, sisi inatuhusu nini? Inawahusu! Mama anayeuza nyanya Mkuyuni hana mfuko mmoja wa kodi ya Dodoma na mwingine wa kodi ya Jiji. Mkisema mmeokoa, semeni mmemwokolea nani.

Msininukuu vibaya, sisemi msibinafsishe. Kama malori yenu yamekufa na mngelazimika kununua mapya, au madereva wengi wanastaafu mwaka huu, hesabu inageuka kabisa. Swali la kwanza ni lilelile: siku ya kwanza ya mkataba, shilingi ngapi zinaacha kutoka? Hiyo ndiyo muilinganishe na bei ya mzabuni.

La pili, mnalipa kwa kipimo gani? Mkilipa kwa tripu, lori litakwenda dampo la Buhongwa nusu tupu. Lori la mita za ujazo 7, taka zetu za ndizi na mahindi zikiwa kama kilo 300 kwa mita moja, likijaa linabeba tani mbili na kidogo. Likipelekwa nusu, tani moja imelipwa mara mbili.

Haya, mnasema basi tulipe kwa tani. Vizuri, mizani iko wapi? Na hata ikiwepo, mkandarasi mjanja analileta lori kupimwa likiwa tupu mara moja tu, siku ya kusaini: tangi halina mafuta, tairi la akiba limeachwa, watu wameshuka. Uzito huo unaandikwa kwenye daftari hadi mkataba uishe. Kuanzia kesho yake, lita 200 za dizeli ni kilo kama 170, vijana wanne ni kilo 260. Hizo ni kilo 430 za taka ambazo hazikuzolewa popote, kila tripu. Tripu kumi, tani 4 na zaidi. Dawa yake haina gharama: pimeni lori likiingia, mlipime tena likitoka, kila safari. Na wekeni kikomo cha tani kwa mwezi, maana mvua ikinyesha taka zinalowa, na mchanga nao hupakiwa. Kisha kateni malipo kwa kila kizimba cha taka kilichorukwa kwenye ratiba, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye mkataba, si kwa kubembelezana.

Wengine hukwepa yote hayo: mkandarasi ajikusanyie ada nyumba kwa nyumba, halmashauri isitoe hata senti. Kwenye bajeti inapendeza sana. Atazoa kando ya lami, kwenye maduka na hoteli. Kule kwenye mawe, Igogo na Mabatini, lori halipandi, na anayepaswa kulipa hapatikani mchana. Taka za huko zinashuka na mvua hadi mto Mirongo, kisha ziwani. Halafu mnatenga fedha za kuzibua mitaro, na za dawa za kipindupindu. Ni kasma tofauti, yaani mafungu tofauti ya bajeti, kwa hiyo kwenye kikao hakuna anayeziunganisha.

Kuna wanaonijibu kwa bia. Kiwanda cha bia kilibinafsishwa 1993, mbona kilinyanyuka? Kilinyanyuka, tena sana. Lakini bia ikiwa chungu, mnywaji anaagiza nyingine kaunta ileile. Bomba likikauka Bugarika, mtu atahamia bomba la nani? Dar es Salaam, kampuni binafsi ya maji, City Water, ilianza Agosti 2003 kwa mkataba wa miaka 10. Mei 2005 Serikali ikauvunja, mashauri yakaendelea hadi 2008. Serikali ilitoka salama kwenye fidia, lakini mawakili hawafanyi kazi kwa sala. Hilo nalo ni matumizi.

Chicago, Marekani, 2008, waliikodisha kampuni binafsi mita za kulipia maegesho ya magari kwa miaka 75, wakapewa dola bilioni 1.15 taslimu. Fedha nyingi iliziba mapengo ya bajeti ndani ya miaka michache. Mkataba bado unaishi, na jiji likifunga barabara kwa shughuli zake linadaiwa fidia ya mita. Mnaopenda malipo ya mkupuo, kahesabuni 75 kwa vidole.

Naonyeshwa dakika mbili. Ushuru wa soko la samaki la Mwaloni Kirumba, basi, kwa haraka. Kabla ya kumpa wakala aukusanye na kuwalipa kiasi maalumu cha mwezi, simamieni geti wenyewe siku 30, mchana na usiku, mara moja msimu wa dagaa na mara moja usio wa dagaa, mhesabu magunia. Bila hesabu hiyo mzabuni ndiye peke yake anayejua thamani ya mnachouza. Katika siku hizo 30, usiku wa mbalamwezi na wa giza wote uwemo, maana dagaa huvuliwa gizani.

Kurejesha mali mliyomkabidhi mkandarasi mkataba ukiisha, nilikuwa na mada hiyo, muda umenishinda. Someni kifungu kinachosema matairi ya malori yenu yarudi katika hali gani. Kama hakipo, kiwekeni kabla ya kusaini. Maswali.