Kufufua Peugeot 404 ya familia hapa Tanga: chuma kwanza, rangi baadaye

Asalaam aleikum na habari zenu, watazamaji wetu. Karibuni uani kwetu, Ngamiani. Hili mnaloliona nyuma yangu ni Peugeot 404 ya mwaka 1966, gari la marehemu babu, na leo nawaonyesha namna ya kulirudisha barabarani ukiwa nyumbani kwako, kwa vifaa ambavyo vingi vinapatikana mtaani. Kama kwenu kuna Datsun au Land Rover imelala chini ya mwembe, mengi ya haya yatakufaa pia.

Kabla hatujashika spana, kuna jambo nalisimamia. Wengi wakitaka kufufua gari la zamani hukimbilia kwa fundi rangi. Gari linatoka linang'aa, linabeba maharusi mara mbili tatu, halafu masika moja ikipita, rangi inaanza kuvimba malengelenge, kwa sababu kutu iliachwa hai chini yake. Sisi tunaishi na bahari. Upepo unaleta chumvi, chumvi inavuta unyevu, na unyevu ukikaa kwenye bati, kutu haipumziki usiku wala mchana. Ndiyo maana kazi yetu inaanzia chini ya gari, na rangi inakuja mwisho kabisa.

Anza na makaratasi. Chukua kadi ya gari, linganisha namba ya chesesi na namba ya injini na zile zilizogongwa kwenye gari lenyewe. Usisague wala kupaka puti juu ya namba hizo. Kama kadi bado ina jina la marehemu, kaeni kikao cha familia, msimamizi wa mirathi athibitishwe mahakamani, ndipo muende TRA, mamlaka ya mapato, kubadilisha jina. Fanyeni hivyo kabla hamjatia pesa. Gari bovu halina mgogoro, lakini likishapona, kila mmoja atakumbuka kwamba alikuwa mtoto kipenzi wa babu.

Sasa piga picha. Kila kona, kila waya, kila bomba, kabla hujakifungua. Weka skrubu za kila sehemu kwenye kikopo chake na uandike juu: mlango wa kushoto, taa za mbele, dashibodi. Ukizichanganya zote kwenye ndoo moja utajuta wakati wa kufunga.

Haya, tunyanyue. Weka kabari kwenye magurudumu yanayobaki chini, piga jeki mahali pagumu, halafu ingiza stendi za chuma. Usilale chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Na usitumie tofali za bloku, maana hupasuka ghafla bila kutoa dalili.

Sogeza kamera hapa chini ya mlango. Mnaona boksi hili refu la bati, linalotoka gurudumu la mbele kwenda la nyuma? Peugeot 404 haina chesesi ya peke yake, ile fremu ya chuma ya chini, kama Land Rover. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba uzito wote, na maboksi haya mawili pamoja na sakafu ndiyo yanayolishika gari lisikunjike katikati. Kwa hiyo kutu ya hapa ni suala la usalama wenu.

Chukua bisibisi, gonga kwa mpini wake kuanzia mbele kwenda nyuma. Bati zima linalia kwa sauti kali. Lililooza linatoa sauti butu. Ukifika hapo geuza bisibisi, sukuma kwa ncha. Tazama… imezama. Humu ndani mlikuwa na tope na maji yaliyokosa pa kutokea, kwa sababu matundu ya kutolea maji chini ya boksi yalizibwa na rangi zilizopakwa juu kwa juu miaka nenda rudi. Fanya hivyo pia kwenye sakafu chini ya kapeti, kwenye kitako cha betri, kwenye madigadi karibu na taa, na sakafu ya buti.

Kuna kipimo kingine nakipenda. Funga mlango, angalia mwanya kati ya mlango na nguzo. Sasa piga jeki katikati ya gari, taratibu, na mwenzako atazame mwanya ule. Ukibana au kupanuka waziwazi, bodi imelegea. Gari la namna hiyo usikate chochote kabla hujalifunga: chomelea kipande cha angle bar, kile chuma cha pembe wanachotengenezea madirisha, kukatiza uwazi wa mlango kutoka nguzo hadi nguzo. Bila hicho ukikata boksi la chini, bodi inashuka, na ukishachomelea bati jipya milango haitafunga tena.

Kabla ya kuchomelea, toa betri, toa kapeti na viti, na shusha tanki la mafuta lipelekwe mbali. Tanki tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa kuwa mvuke wa petroli ndio unaolipuka. Ndoo ya mchanga na maji viwe karibu.

Kata bati lote lililooza mpaka ufike kwenye chuma safi kinachong'aa. Usiweke kiraka juu ya kutu. Bati la milimita 1 linatosha. Bati la mabati la kuezekea liache, kwa sababu zinki yake ikiungua inatoa moshi wenye sumu, na lenyewe ni jembamba mno. Mafundi wetu wengi wana mashine ya fimbo, lakini kwa bati jembamba la gari inatoboa. Mtafute fundi wa gesi au mwenye mashine ya waya. Mwambie ashike nukta moja hapa, nyingine kule mbali, kisha arudi katikati, ili joto lisijikusanye sehemu moja na bati likajikunja.

Kutu ya juu juu, isiyotoboa, isugue kwa burashi ya waya na msasa, ukiwa umevaa barakoa na miwani. Rangi za zamani zinaweza kuwa na risasi ndani yake, kwa hiyo tumia msasa wa maji ili vumbi lisiruke, na watoto wakae mbali. Vitu vidogo kama boliti na bawaba, vitumbukize kwenye siki usiku kucha. Asubuhi visugue, visuuze kwa maji yenye magadi kidogo ili kuua ile asidi, vikaushe juani, vipake oili papo hapo. Ukivisahau nusu saa tu vikiwa vibichi, hewa ya Tanga itavigeuza rangi ya chungwa tena.

Chuma kikishakuwa safi, paka praima, ile rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, siku hiyo hiyo. Ndani ya maboksi, ambako mkono haufiki, puliza grisi iliyolainishwa kwa oili safi, kwa mpira mwembamba wa kompresa. Watu hutumia oili chafu ya injini kwa kuwa ni ya bure. Mimi siishauri: ina asidi na masizi, na inakuharibia ngozi. Na tafadhali, zibua yale matundu ya maji.

Tuingie kwenye breki, na hapa naomba utulivu. Gari hili lina dramu magurudumu yote manne, na masta silinda moja, ile pampu ya mafuta ya breki inayosukumwa na pedali, inalisha yote. Raba moja ikipasuka, breki zote zimeondoka. Kwa hiyo gari lililolala miaka usijaribu kuokoa kitu: raba zote za masta na za wili silinda, zile silinda ndogo za kwenye magurudumu, ziwe mpya, mipira ya breki mpya, na mabomba ya chuma yaliyoliwa na kutu yabadilishwe. Vumbi la kwenye dramu usilipulize kwa kompresa, kwani shuu, zile bitana za breki, za enzi zile zilitengenezwa kwa asbesto. Lilowanishe, lifute kwa kitambaa, kitupe.

Kutoa hewa kwenye mabomba ya breki kunataka watu wawili. Hapa mpwa wangu yuko kwenye pedali. Namwambia, "Kanyaga!" Anakanyaga. "Shikilia!" Nafungua nipo, ile skrubu ndogo ya kutolea hewa kwenye gurudumu; mnaona povu linavyotoka kwenye mpira ulioingia ndani ya chupa? Nafunga kwanza, ndipo namwambia, "Achia!" Akiachia kabla sijafunga, hewa inarudi. Anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta: kwetu ni la nyuma kushoto, kisha nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Tumia mafuta ya breki kutoka kopo lisilofunguliwa, kwa sababu hunyonya unyevu wa hewani.

Injini. Msikimbilie stata. Toa plagi, mimina oili kidogo kwenye kila silinda, iache ilale hadi kesho. Kisha chukua hendeli, hii hapa ya kuzungushia kwa mkono, zungusha polepole. Ikigoma, usilazimishe, ongeza oili, subiri. Ikizunguka, mwaga oili ya zamani na uweke mpya.

Injini hii imelala upande kwa digrii 45, ina sentimita za ujazo 1,618, na ni imara kweli. Bert Shankland, dereva wa Dar es Salaam, alishinda East African Safari Rally mwaka 1966 na 1967 akiwa na gari la aina hii, akisomewa ramani na Chris Rothwell, kwenye barabara za vumbi na tope za enzi zile. Lakini silinda hedi yake ni ya aluminiamu, na maji ya visima vyetu yana chumvi. Usitie maji ya kisima kwenye rejeta. Suuza tope lote, kisha weka kulanti, maji maalumu ya rejeta. Mwanya wa platini, zile ncha zinazokata umeme wa plagi, uweke milimita 0.4; mwanya wa tapeti za vali za kuingiza 0.10 na za kutoa moshi 0.25 injini ikiwa baridi. Mpangilio wa moto, yaani silinda zinavyopokezana kuwaka, ni 1-3-4-2, na hapa mafundi wengi hupotea: Peugeot hii inahesabu silinda ya kwanza kuanzia upande wa flaiwili, nyuma, wala si mbele kwenye feni.

Jambo jingine la kwake: difu, ile gia inayopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma. Gia yake ni ya mtindo wa parafujo, na gurudumu lake la meno ni la shaba nyeusi. Oili nyingi za kisasa za difu zina dawa zinazoila shaba. Muulize muuzaji oili inayofaa gia za shaba, na asipojua nenda duka jingine. Vipuri ukivikosa hapa, jaribu Gerezani kule Dar es Salaam, au vuka mpaka wa Horohoro uende Mombasa, ambako Peugeot zilitumika muda mrefu.

Tanki lile tulilolishusha, tia maji ya sabuni na kipande cha mnyororo, litikise mpaka maji yatoke meupe, likaushe juani.

Rangi sasa. Msiipake wakati wa masika, Machi hadi Mei. Unyevu unaifanya ipauke. Januari na Februari, siku za kaskazi, ndizo nzuri kwetu. Mwagia maji uani vumbi litulie, anza asubuhi jua halijachoma. Rangi ya asili ya gari letu ilikuwa nyeupe na tumeirudisha nyeupe. Ukiamua kubadilisha, kadi nayo ibadilishwe.

Matairi ya zamani usiyaamini hata kama kashata zake, yale meno ya juu, bado nene. Nunua mapya. Kisha bima, ndipo utoke. Mara ya kwanza zunguka Raskazone alfajiri, barabara ikiwa tupu, ujaribu breki kwa mwendo mdogo: gari lisimame bila kuvuta upande. Likikubali, siku nyingine nenda Pongwe na kurudi. Ukifika nyumbani kaza tena nati za magurudumu, shika kila dramu uone kama kuna iliyochemka kuliko wenzake, tandika karatasi chini ya gari usiku, na asubuhi uangalie ni tone gani limedondoka na limetoka wapi.