Yu macho, lakini anapumua vipi? Kahawa na dawa za jamii ya afyuni

Wauguzi, wafamasia, waelimishaji rika, na ninyi mnaotumia dawa zenyewe, karibuni. Naanza na kikombe, maana nje ya kliniki nyingi za metadoni (dawa ya jamii ya afyuni wanayopewa waliozoea heroini) huku pwani hakosekani muuza kahawa na dele lake juu ya jiko la mkaa. Mteja akishakunywa dozi yake mbele ya nesi, anatoka, anapiga vikombe viwili vitatu na kashata. Tunaulizwa kila mara: ile kahawa haiharibu dawa? Kwenye ini, karibu hapana. Kwenye ubongo ndipo penye mambo.

Ini tulimalize haraka. Kafeini, kichangamshi kilichomo kwenye kahawa, huvunjwa na kimeng'enya kinachoitwa CYP1A2. Metadoni hutegemea zaidi CYP2B6, na kwa kiasi CYP3A4. Kodeini na tramadoli huhitaji CYP2D6 ili zifanye kazi vizuri. Mofini haina haja na hao wote. Ina njia yake. Kwa hiyo hazigombanii mlango mmoja. Mteja akilalamika kwamba "dozi haishiki", msikimbilie kulaumu kahawa. Ulizeni kwanza kama ameanza dawa za kifua kikuu, kwa sababu rifampisini huisukuma metadoni itoke mwilini upesi, na arosto (mateso ya kukosa dawa) hurudi ndani ya siku chache. Efavirenzi, dawa ya VVU, nayo hufanya hivyo. Siprofloksasini, dawa ya kuua bakteria, yenyewe huziba njia ya kafeini: vikombe vilevile vya jana leo vinaleta mapigo ya moyo ya kasi na mikono kutetemeka. Aliyeacha sigara naye hivyohivyo, kwa sababu moshi ndio uliokuwa ukiharakisha kafeini itoke.

Sasa ubongo. Tangu tunaamka, kemikali iitwayo adenosini hujikusanya taratibu, ikikaa kwenye vipokezi vyake inatuletea usingizi. Kafeini hukaa kwenye vipokezi hivyohivyo bila kuviwasha, adenosini ikifika inakuta kiti kina mtu. Basi, kazi yake kubwa ni hiyo. Mofini, heroini na metadoni hukaa kwenye vipokezi vingine kabisa, vya myuu, na baadhi viko kwenye shina la ubongo, panapoendeshwa mwendo wa pumzi. Hapo dawa hulifanya shina la ubongo lisishtuke hewa chafu ya kaboni inapozidi kwenye damu. Kafeini haina uwezo wa kuitoa afyuni kwenye kipokezi chake. Inaondoa kusinzia, kilichosababisha kusinzia kinabaki palepale.

Hili lina uzito mkubwa kuliko yote katika wiki mbili za mwanzo wa metadoni. Dozi ya kwanza kwa kawaida ni miligramu 20 hadi 30. Kilele chake huja saa mbili hadi nne baada ya kunywa. Lakini metadoni hupungua polepole mno: kufika nusu kunaweza kuchukua saa 15, kwa wengine hata 60. Kwa hiyo 30 ya siku ya tatu inakaa juu ya mabaki ya ya kwanza na ya pili, na mtu anaweza kuzidiwa na dozi ambayo siku ya kwanza aliimudu. Nesi anategemea nini kugundua? Anategemea kusinzia: macho mazito, maneno yanayoburuta, kidevu kinachoangukia kifuani. Dalili hiyo ndiyo kahawa inayoificha. Mteja anakuja kliniki amechangamka, anadai dozi haitoshi, anaongezewa. Kafeini hupungua nusu kwa saa tano hivi. Ikifika saa sita za usiku imeshapungua sana, metadoni ipo, usingizi umefika, na hakuna anayemtazama.

Kwa hiyo kabla ya kuongeza dozi, ulizeni: leo umekunywa nini, kiasi gani, saa ngapi? Muoneni saa mbili hadi nne baada ya dozi. Mkalisheni atulie, kisha hesabuni pumzi kwa dakika nzima, si sekunde 15 mara nne. Chini ya 12 mpigieni daktari, dozi isiongezwe. Tazameni na mboni: zikiwa kama ncha ya sindano, uchangamfu wake msiuamini.

Hesabu ya vikombe nayo ina mtego. Kikombe cha mililita 240 cha kahawa ya kuchuja kina kafeini miligramu 95 hivi. Kopo la mililita 250 la kinywaji cha kuongeza nguvu lina kama 80. Robusta, ile inayolimwa sana Kagera, ina kafeini karibu mara mbili ya arabika ya Kilimanjaro. Kikombe cha dele ni kidogo lakini kahawa yake imechemka muda mrefu, kwa hiyo "viwili tu" havilingani kila kijiwe. Mtu mzima mwenye afya huambiwa asipite miligramu 400 kwa siku; mjamzito 200, kwa sababu mwili wake huchelewa sana kuitoa. Na jambo ambalo watumiaji wengi hawalijui: unga wa mtaani, yaani heroini, mara nyingi umechanganywa na kafeini. Inasaidia heroini igeuke moshi kwa joto dogo zaidi. Kwa hiyo anayevuta huenda tayari ana kafeini mwilini hata kama hajagusa kahawa.

Mtu akizidisha dozi, tafadhali, kahawa isikaribie kinywa chake. Karne ya 19 madaktari waliwanywesha waliolewa kasumba kahawa kali na kuwatembeza huku na huku wasilale. Mtaani desturi hiyo haijafa. Aliyepoteza fahamu akinyweshwa, kahawa huingia mapafuni. Mwiteni kwa sauti, mtikiseni bega. Asipoitika, iteni msaada, mfungueni njia ya hewa, mpulizieni pumzi moja kila sekunde tano. Mchomeni naloksoni, dawa inayoitoa afyuni kwenye vipokezi, miligramu 0.4 kwenye msuli, rudieni baada ya dakika mbili tatu pumzi isiporudi. Akianza kupumua mlazeni ubavu, na msimwache: naloksoni huisha ndani ya saa moja au moja na nusu, metadoni bado ipo, na anaweza kuzama tena.

Hapa mtu wa wodi ya watoto atanibana: mbona watoto njiti wanaosahau kupumua tunawapa kafeini? Kweli, na inafanya kazi. Lakini tazameni dozi ya kuanzia: kafeini sitreti miligramu 20 kwa kila kilo, sawa na miligramu 10 za kafeini yenyewe. Kwa mtu mzima wa kilo 60 hiyo ni miligramu 600 kwa mpigo, zaidi ya vikombe vikubwa sita. Tena njiti tatizo lake ni ubongo usiokomaa. Aliyezidisha dozi, yeye vipokezi vyake vimekaliwa na afyuni.

Kwa wenye maumivu ya saratani wanaotumia mofini ya maji: kafeini miligramu 100 au zaidi huisaidia parasetamoli kidogo, lakini msiihesabu kama nyongeza ya mofini. Kwa panya, dawa za ukoo wa kafeini zimeonekana hata kuzuia sehemu ya nafuu ambayo mofini huileta kupitia uti wa mgongo. Kahawa ya asubuhi iendelee, ya jioni ikatwe, kwa sababu usiku bila usingizi huzidisha maumivu, na maumivu huomba mofini zaidi. Wengine huitegemea kahawa kwa choo kigumu. Ni kweli huamsha utumbo mpana kwa baadhi ya watu, lakini mofini huukaza utumbo kila siku bila kuchoka. Huyo anahitaji dawa ya choo, bisakodili au sena, tangu siku ya kwanza ya mofini.

Ramadhani inakaribia, basi na hili. Mnywaji wa vikombe vitano akikata ghafla, kichwa huanza kuuma saa 12 hadi 24 baadaye, na mwili hulegea kama mwenye mafua. Wengi watasema ni arosto na kutaka dozi ipandishwe. Arosto ina mboni kubwa, makamasi, vipele vya baridi, kuhara. Kukosa kahawa hakuleti hayo. Kunaleta kichwa na usingizi. Apunguze kikombe kimoja kila siku mbili, kuanzia siku kumi kabla ya mwandamo.