Sauti ya Mwalimu na Wimbo wa Darasani

Ndugu walimu wenzangu, nimeombwa nizungumzie utunzaji wa sauti na uimbaji katika shule za msingi. Ninayo hoja moja: amri ya "Imbeni kwa nguvu, sijawasikia!" ndiyo inayoharibu uimbaji wa watoto wetu, na mazoea hayohayo ya kupaza sauti ndiyo yanayotukausha koo sisi wenyewe.

Ndani ya koromeo mna nyuzi sauti mbili zinazokutana na kuachana kwa kasi kubwa; za mwanamume anayezungumza hufanya hivyo mara 100 na ushei kwa sekunde, za mwanamke takriban mara 200, na za mtoto mdogo huzidi hapo, kwa kuwa ni fupi na nyembamba. Mtoto anayepiga kelele huzigonganisha kwa nguvu mpaka zikavimba, na kelele hizo zikiwa za kila siku huweza kuota vinundu.

Nasi wa Dodoma tuna mzigo wa ziada, kwani kiangazi chetu ni kirefu, hewa ni kavu, na upepo huingiza vumbi madirishani likachanganyika na la chaki. Futeni ubao kwa kitambaa kibichi, mnywe maji kidogo kidogo kabla koo halijakauka, wala msidhani kwamba kunong'ona ni kuipumzisha sauti, maana wengi wetu tunaponong'ona hukaza koo zaidi. Sauti ikikwaruza kwa zaidi ya wiki tatu, nenda hospitali.

Lakini kosa lililo kubwa zaidi, kwa maoni yangu, liko pale tunapoanzisha wimbo. Mwalimu wa kiume huanzisha chini, panapomfaa yeye. Watoto hawafiki huko, basi huishia kupayuka kwa sauti ya kuzungumzia, nasi tunawahukumu kuwa hawajui kuimba. Waambie kwanza waige mlio wa upepo, "uuu", wakipanda taratibu kutoka chini kwenda juu, mabega yakiwa yametulia, halafu mwenzao mmoja mwenye sauti laini aanzishe wimbo pale walipofika bila kukaza shingo. Utashangaa jinsi darasa lilelile linavyobadilika.

Katika mkoa huu hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Wagogo huimba kwa kupokezana na kwa sauti zinazoachana na kukutana tena, na marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, aliipeleka sauti yake kutoka nzito hadi nyembamba kabisa mbele ya wasikilizaji wa nchi nyingi. Kupokezana huko kunampa kila mwimbaji nafasi ya kuvuta pumzi na kusikiliza. Kwa hiyo, ukiwa na watoto 80 katika chumba kimoja chenye bati lisilo na dari, ligawe darasa: nusu waimbe mstari, nusu wasikilize kisha waitikie, nawe mwalimu usiimbe nao, bali pita katikati ya madawati ukitega sikio, umtambue anayekaza koo, umwambie apunguze.