Kura Ipo, Maoni Yako Wapi?

Mhadhara uliotolewa Moshi mjini

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu, kina mama, na vijana mlioacha shughuli zenu za Jumamosi mchana mkaja kukaa na mwalimu mstaafu: wanaostahili shikamoo wapokee shikamoo, na waliobaki hamjambo.

Naomba nianze na marehemu baba yangu, kwa sababu yeye ndiye aliyenipa somo hili la kura ya Ndiyo au Hapana kabla sijasoma uraia, achilia mbali kuufundisha. Mwaka 1960, Tanganyika ikiwa bado haijapata uhuru, Wachagga walipigishwa kura waamue kama wataendelea kuwa na Mangi Mkuu, yaani chifu wao mkuu, cheo alichokuwa amekishika Thomas Marealle tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950, au watakuwa na rais wa kuchaguliwa. Walio wengi wakataka rais, na uamuzi ule huelezwa hadi leo kama ushindi wa siasa mpya juu ya utawala wa jadi. Baba alikuwa mmoja wa hao walio wengi. Miaka mingi baadaye nilipomuuliza kama kweli alikuwa ameuchoka umangi, alinitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la ajabu, akasema: "Mangi hakuwa na neno na mimi. Mimi nilikuwa namkataa karani wa kwetu, yule aliyekuwa akitutoza ushuru mara mbili." Karani yule hakuwemo kwenye swali lililoulizwa, lakini ndani ya kichwa cha baba yangu hapakuwa na mwingine.

Kiswahili kimelipa zoezi hili jina zuri la kura ya maoni. Nimelitafakari sana jina hilo, na nathubutu kusema kwamba nusu yake ya pili ni ya heshima tu, kama tunavyomwita mtu mheshimiwa kabla hajafanya lolote. Kura ipo, ina karatasi, kituturi na wino wa kidole. Maoni hayana pa kuandikwa. Mwananchi mwenye mambo sita moyoni, manne akiyapenda na mawili yakimkera, anaingia kituturini na kuambiwa achague neno moja kati ya mawili.

Wengi wenu mnakumbuka jinsi sisi wenyewe tulivyofikishwa karibu na mlango huo tukarudishwa. Tume ya Mabadiliko ya Katiba, chini ya Jaji Joseph Warioba, ilianza kazi mwaka 2012, ikazunguka nchi nzima ikiwasikiliza watu, na kufikia Desemba 2013 ilikuwa imetoa rasimu mbili. Bunge Maalum likakaa Dodoma kuanzia Februari 2014. Mwezi Aprili wajumbe wa UKAWA, ule umoja wa vyama vya upinzani, wakatoka nje. Na tarehe 2 Oktoba waliobaki wakaipitisha Katiba Inayopendekezwa, ambayo wananchi walipaswa kuipigia kura tarehe 30 Aprili 2015. Zikiwa zimebaki wiki nne, Tume ya Taifa ya Uchaguzi ikatangaza kuahirisha, kwa sababu uandikishaji wa wapiga kura kwa mashine za BVR, zile za alama za vidole, ulikuwa bado uko mkoani Njombe. Tangu hapo kura hiyo haijapigwa.

Katika miezi ile, kati ya Oktoba na Aprili, nilikuwa na tabia ya kuwauliza watu wangepigaje. Sikufanya utafiti, wala siwaletei hesabu. Nilikuwa mwalimu mwenye udadisi, aliyekuwa akienda sokoni kama kila mtu. Lakini baadhi ya mazungumzo yale yamenikaa mpaka leo.

Pale Mbuyuni palikuwa na mama mmoja muuza ndizi na magimbi ambaye alikipata kile kijitabu cha Katiba Inayopendekezwa, akakifunga kwenye mfuko wa plastiki na kukiweka chini ya mizani yake, ili kisilowe wakati anapomwagia mboga maji. Alikuwa amekunja pembe ya ukurasa mmoja tu, mahali panapozungumzia haki ya mwanamke kumiliki ardhi sawa na mwanamume. Kurasa nyingine zilikuwa nyeupe kabisa. Ule mmoja ulikuwa na alama ya kidole gumba, rangi ya utomvu wa ndizi. Sisi wa mlimani tunajua kihamba, lile shamba la ukoo, ni nini na kinarithiwa na nani, kwa hiyo sikuhitaji kuambiwa kwa nini aliukunja. Akaniuliza, "Mwalimu, nikisema Ndiyo, kaka yangu atanirudishia kile kipande cha baba?" Nikamwambia kwamba katiba peke yake haitamrudishia, na kwamba hata Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ilikwishasema mwanamke ana haki hiyo. "Na nikisema Hapana?" Nikamjibu kwamba hapo pia hakitarudi. Akapanga magimbi yake upya, kisha akasema, "Sasa hapo wananiuliza mimi, au wanajiuliza wenyewe?"

Mzee mmoja wa Kibosho, ambaye nilimkuta kilabuni akiwa na kata yake ya mbege, hakuwa amefungua hata ukurasa mmoja na hakuona aibu kusema hivyo. Msimamo wake ulikuwa Hapana, na hoja yake ilikuwa kwamba mkataba wa shamba ukiandikwa mbele ya nusu ya ukoo, nusu nyingine ikiwa imeondoka kwa hasira, haulindi mpaka wowote hata ukiandikwa kwa wino wa dhahabu. Wasomi wetu wangemweka mzee huyu kwenye fungu la wasioelewa. Mimi nadhani alielewa vizuri kuliko wengi, isipokuwa alikuwa anajibu swali la nani amekaa kwenye kikao, wakati karatasi ingemuuliza kilichoandikwa kikaoni.

Kisha kulikuwa na majirani wawili walioshona nguo kwenye baraza moja, hapa hapa mjini, mmoja Mwislamu na mwingine Mlutheri, wakiazimiana uzi na pasi ya mkaa umeme ulipokatika. Huyu alikuwa anasubiri aone Serikali itafanya nini kuhusu Mahakama ya Kadhi kabla hajasema Ndiyo. Yule, Machi 2015, alikuwa amesikia tamko la Jukwaa la Wakristo lililowataka waumini waipigie Hapana Katiba Inayopendekezwa. Nilikaa nao karibu saa nzima nikisubiri suruali. Wakazungumzia kadhi, wakazungumzia kanisa, lakini kilichowakutanisha na kuwapandisha sauti wote wawili ni kwamba ile rasimu ya Jaji Warioba iliwapa wapiga kura haki ya kumwondoa mbunge asiyefaa na ikamwekea ukomo wa vipindi vitatu, na mambo hayo mawili yaliondolewa Dodoma. Kwenye kura wangehesabiwa kuwa wapinzani. Pale barazani walikuwa na hoja moja.

Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Machi 2014, Rais Kikwete alipolihutubia Bunge Maalum, alitaja takwimu ambazo hazijapewa uzito unaostahili. Wananchi waliotoa maoni yao kwa Tume walikuwa 351,664, na kati yao waliouzungumzia muundo wa Muungano walikuwa 47,820, yaani asilimia 13.6. Jaji Warioba alikuwa ameeleza kwamba, kwa upande wa Bara, asilimia 61 ya waliolizungumzia jambo hilo walitaka serikali tatu, yaani ya Muungano, ya Tanganyika na ya Zanzibar, na kwamba Zanzibar asilimia 60 walitaka Muungano wa mkataba, yaani nchi mbili zinazoshirikiana kwa mapatano. Rais akahoji: je, hao wengine zaidi ya laki tatu ambao hawakuutaja Muungano kabisa, si dalili kwamba hawakuona tatizo? Kwa hiyo upande mmoja ulihesabu waliosema, na upande wa pili ukahesabu walionyamaza.

Zamani huku kwetu, na nadhani pwani pia, binti alipoulizwa habari ya posa akanyamaza, wazee walisema amekubali. Naona kina mama wanacheka. Mnacheka kwa sababu mnajua kilichokuwa ndani ya ukimya ule: mara nyingine ni furaha, mara nyingine ni hofu, na mara nyingine ni kwamba akili yake ilikuwa kwenye jambo lingine kabisa. Mama wa Mbuyuni angesimama mbele ya Tume angesema kihamba, angekaa. Je, alikuwa anaunga mkono serikali mbili tulizonazo? Alikuwa anazungumzia kihamba. Kusema kweli hoja ya Rais ilikuwa na nguvu kwa kiasi kimoja: ilitukumbusha kwamba jambo linalowagawa viongozi si lazima liwe ndilo linalowanyima usingizi wananchi. Lakini kutoka hapo kwenda kusema kwamba ukimya ni ridhaa ni kuvuka mto bila daraja, na waliotumia ile asilimia 61 kana kwamba ni ya Watanganyika wote nao waliuvuka vivyo hivyo.

Nchi hii iliwahi kusoma maoni kwa uangalifu zaidi. Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, mwaka 1991, iliwauliza watu kama wanataka chama kimoja au vyama vingi, na asilimia 77.2 wakasema chama kimoja, wakati waliotaka vyama vingi walikuwa asilimia 21.5. Ingekuwa kura ya Ndiyo na Hapana, habari ingeishia hapo. Tume ile ikachungulia nyuma ya namba, ikaona kwamba wengi wa hao waliotaka chama kimoja walikuwa wanadai pia mabadiliko ambayo mfumo wa chama kimoja usingeweza kuyabeba, ikapendekeza vyama vingi, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Kuna wanaosema kwamba huko kulikuwa kuwapuuza walio wengi. Sikubaliani nao, ingawa nakiri kwamba ni dawa ya hatari: tume isiyo na uadilifu ikipewa ruhusa ya kufasiri watu walichomaanisha, itawafasiri mpaka wasijitambue.

Jirani zetu walifika kituturini kabla yetu. Tarehe 21 Novemba 2005 Wakenya walipigia kura rasimu ya katiba, na kwa ajili ya wasiojua kusoma, Ndiyo ikapewa alama ya ndizi na Hapana ikapewa chungwa. Chungwa likashinda kwa takriban asilimia 58. (Mchagga akiambiwa ndizi imeshindwa na chungwa, huomba kura zihesabiwe upya.) Siku zile nilikuwa navuka Holili mara kwa mara kwenda soko la Taveta, na mama mmoja aliyekuwa akinunua mikungu kutoka kwetu aliniambia, "Ndizi nitaiuza, Mwalimu, lakini kura nalipa chungwa." Sababu yake ilikuwa ardhi. Familia yake iliishi kwa kubanana pembeni ya shamba la mkonge, na hakuona kwa nini aiambie Ndiyo serikali ambayo haijawahi kumwambia ndiyo yeye. Siku mbili baada ya kura Rais Kibaki alivunja baraza zima la mawaziri, na lile chungwa likageuka kuwa jina la chama cha siasa. Ndani ya rasimu mlikuwa na mambo ya wanawake, ya ardhi, ya mahakama. Yote yakaliwa pamoja na tunda.

Waingereza, wenye shule nyingi kuliko sisi, waliamua tarehe 23 Juni 2016 kwa asilimia 51.9 kujitoa katika Umoja wa Ulaya, kisha wakatumia miaka mitatu na nusu wakibishana bungeni kuhusu neno kujitoa lina maana gani.

Mfano unaonipa moyo ni wa Zanzibar, tarehe 31 Julai 2010. Swali lilikuwa moja na fupi, la kuwa au kutokuwa na serikali ya umoja wa kitaifa. Rais wa Zanzibar wa wakati ule, Amani Karume, na mpinzani wake Seif Sharif Hamad walikuwa wamekwishapatana kabla. Na asilimia 66.4 wakakubali. Theluthi moja ilikataa, lakini hakuna aliyeweza kudai kwamba hakujua anakataa nini.

Kwa sababu hiyo ninashauri kwamba, kura ya katiba itakaporudi, tusiletewe tena ibara zinazokaribia 300 kwenye sinia moja. Muundo wa Muungano uulizwe peke yake. Madaraka ya wananchi juu ya wabunge wao yaulizwe peke yake. Sehemu iliyobaki iulizwe kwa pamoja. Nimeambiwa mara nyingi kwamba karatasi tatu zitamchanganya mwananchi wa kawaida. Oktoba 2015 mwananchi huyo huyo wa Bara alipewa karatasi tatu, ya rais, ya mbunge na ya diwani, na wapo waliompigia rais wa chama hiki na mbunge wa chama kile bila kuchanganyikiwa hata kidogo. Waliochanganyikiwa, kwa ninavyokumbuka, walikuwa wagombea.

Mwezi uliopita nilipita Mbuyuni. Mama yule bado yupo, nywele zimeingia mvi kama zangu, na mizani sasa ni ya kidijitali. Nikamuuliza habari za kile kijitabu. Akainama, akatoa mfuko, akanionyesha: ile pembe aliyoikunja ilikuwa imekatika, ameibandika kwa gundi ya karatasi. Akaniuliza kama wameshapanga tarehe. Nikamwambia bado. "Basi nirudishie," akasema, akakifunga tena na kukiweka mahali pake.

Ndugu Mwenyekiti, nimekula muda wangu na kidogo cha wenzangu. Nawakaribisha kwa maswali, na kama utaniruhusu, tuanze na wale kina mama walioko nyuma, maana tangu niliposema habari ya posa hawajaacha kunong'ona.